Nyumba Nayo Huugua: Tuichunguze Kabla ya Kuitia Dawa



Miezi ya kipupwe ifikapo katika Nyanda za Juu Kusini, neno lisikiwalo katika kila nyumba ni moja tu: baridi. Baba aamka akilalamika baridi, mama akisonga ugali alalamika baridi, watoto waenda shule wamekunja mikono kifuani wakisema neno lilo hilo. Na sisi tulikuwa hivyo. Walakini tumejifunza, kwa hasara na kwa hofu kuu, ya kuwa baridi ya nyumba si ugonjwa mmoja. Ni kama homa: wengi huwa nayo, lakini asili zake ni mbalimbali, na dawa imponyayo huyu yaweza kumdhuru yule. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia ndugu zetu yaliyotupata, ili wengine wasipite njia tuliyopita sisi.

Kwa miaka mingi tulikaa katika nyumba za kupanga huko Mufindi na Iringa, tulikofundisha. Mwaka 2014 tulimaliza kujenga nyumba yetu wenyewe katika Rungwe, si mbali na Tukuyu. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, na paa la bati liling'aa hata likaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Tulimshukuru Mungu, tukadhani ya kuwa taabu ya makao imekwisha.

Haikupita miezi mitatu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta blanketi zimelowa. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka katika bati, wala usiku ule haukunyesha mvua. Vitabu vyetu viliota ukungu wa kijani migongoni. Nguo zilizokuwa sandukuni zilinuka uvundo. Mtoto wetu mdogo alikohoa tangu jioni hata alfajiri, na mama watoto akaumwa viungo.

Basi tulifanya kama wafanyavyo wengi: tulitibu kabla ya kuchunguza. Kwanza tulisema, paa lavuja. Tukamwita fundi, akapaka lami juu ya kila msumari. Matone hayakukoma. Kisha tulisema, sakafu ndiyo baridi. Tukaongeza saruji juu ya saruji, nayo ikazidi kuwa baridi kuliko kwanza. Mwisho tulisema, ni upepo. Tukachukua magunia na matambara, tukaziba kila tundu chini ya paa, hata yale matundu ya hewa ambayo fundi aliyajenga makusudi juu ya madirisha. Fedha zilizopotea katika kazi hizo zingetununulia mahindi ya miezi minne. Na nyumba, badala ya kupona, ikazidi kutoka machozi.

Ukafika usiku mmoja wa Julai, mwaka 2015. Ukungu ulikuwa umefunika nchi yote, na mtoto alitetemeka kitandani. Tulichukua jiko la mkaa tulilopikia, tukangoja hata moshi ukaisha kabisa na makaa yakawa mekundu, kisha tukaliingiza chumbani tukafunga mlango. Tulijiambia, moshi umekwisha, basi na madhara yamekwisha. Joto lilikuwa tamu, tukalala wote katika chumba kimoja.

Usiku wa manane binti yetu alilia ya kuwa kichwa chamwuma, kisha akatapika. Mama yake alijaribu kusimama akaanguka. Sisi nasi tulitaka kwenda kwake, tukaona miguu kama si yetu. Tulitambaa hata mlangoni, tukausukuma ukafunguka kwa kishindo. Mzee jirani yetu alisikia, akaja na wanawe, wakatutoa nje mmoja mmoja na kutulaza barazani. Kulipokucha tulikuwa hospitali, watoto wakivutishwa oksijeni. Hakuna aliyekufa. Twaandika neno hili kwa shukrani, maana zipo nyumba ambazo habari ya namna hii huishia makaburini.

Mganga alitueleza jambo ambalo kila nyumba yapasa ilijue. Mkaa uwakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Damu ya mtu huishika hewa hii kwa nguvu ipitayo mara 200 ile nguvu ya kuishika oksijeni, hata mwili wote wakosa pumzi ingawa kifua chapanda na kushuka. Moshi si dalili yake. Makaa mekundu yasiyo na moshi yaweza kuwa na sumu hiyo tele. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja usiku, kisha wakipata nafuu watokapo nje, msiseme ni malaria wala msiseme ni uchawi. Tokeni wote, mfungue milango, mkimbilie hospitali.

Siku tuliporudi, yule mzee alikuja kutuamkia. Alitazama magunia tuliyoyasokomeza chini ya paa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "nyumba za baba zetu zilikuwa zikivuta pumzi. Hii yako umeiziba pua, kisha washangaa kwamba yatoka jasho."

"Lakini mzee, tukifungua, baridi itatuua."

"Jana kidogo ikuue nini, baridi au moto?"

Hatukuwa na jibu.

Maneno ya mzee yalitufanya tufikiri. Wanyakyusa wa zamani walijenga kwa mianzi na udongo, wakaezeka kwa nyasi. Moto uliwaka ndani, moshi na mvuke vikapenya katika nyasi vikatoka, na nyumba ikakaushwa kila siku. Wahehe wa Iringa walijenga tembe, nyumba ndefu zenye paa la miti na udongo mzito. Udongo ule ulikunywa joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku. Hatusemi turudi huko, maana moshi ule uliharibu macho na vifua vya mama zetu. Twasema tu ya kuwa wazee walizijua tabia za nyumba zao. Sisi tumepokea tofali na bati, bali elimu yake hatujaipokea yote.

Kisha tulikumbuka sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, ambayo tulikuwa tukiipita upesi katika mafundisho tukidhani haituhusu. Sura ile yasimulia nyumba iliyoota madoa ukutani. Kuhani haibomoi mara moja. Huagiza vyombo vitolewe, hutazama madoa, huifunga nyumba siku 7, kisha hurudi kutazama tena kama yameenea. Ndipo huamuru mawe yaliyoharibika tu yatolewe na kuta zikwanguliwe. Tukasema, tazama, hapa pana utaratibu: kutazama, kungoja, kutazama tena, na kutoa kilicho kiovu pekee. Basi tukaamua kuichunguza nyumba yetu siku 7 bila kutumia hata senti moja katika ujenzi. Tulinunua kipimajoto kidogo tu, tukachukua daftari.

Siku ya kwanza tulitazama paa. Matone yaliyotoka mahali pamoja wakati wa mvua ndiyo uvujaji. Matone yaliyoenea bati lote asubuhi isiyo na mvua ni jambo jingine. Mama watoto ndiye aliyelitambua. Alifunua sufuria ya wali, akatuonyesha kifuniko kinavyodondosha maji, akasema, "Mbona hatusemi kifuniko chavuja?" Ndivyo ilivyo. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Katika nyuzi 20 za selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa yaweza kubeba kiasi cha gramu 17 za maji. Ikipozwa hata nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi, na zilizosalia lazima zigeuke matone. Bati, usiku mbingu zikiwa wazi, hupoteza joto lake upesi hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa chumbani ukiligusa, hugeuka maji. Kumbe fundi wa lami hakuwa na kosa, wala bati halikuwa na tundu. Sisi ndio tuliomwita mganga wa macho kutibu tumbo.

Siku ya pili tuliuliza: mvuke huu watoka wapi? Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi kiasi cha gramu 40 za maji kila saa. Tulikuwa watu 6, na tulilala saa 8. Hesabuni wenyewe: ni karibu lita 2 kila usiku, kabla hamjahesabu sufuria iliyochemka bila kifuniko na nguo mbichi zilizoanikwa kamba ya chumbani. Maji hayo yote tuliyafungia ndani kwa magunia yetu.

Siku ya tatu tulitazama kuta. Tulikata vipande vya nailoni, tukavibandika ukutani kwa selotepu pande zote pasiingie hewa, tukaviacha siku 2. Kipande kilicho karibu na sakafu kilikutwa na maji nyuma yake, upande wa ukuta. Maji hayo yalitoka ardhini. Kipande cha juu penye pembe ya chumba kilikutwa na maji mbele yake. Hayo yalitoka hewani. Basi tulikuwa na magonjwa mawili katika ukuta mmoja. Dalili nyingine zilikubaliana na hayo: chini palikuwa na mstari mweupe wa chumvi usiopita kimo cha goti, na juu palikuwa na ukungu mweusi. Tulipotoka nje tuliona udongo wa bustani umelundikwa ukutani kupita kimo cha msingi, na maji ya paa yakianguka hapo hapo kila mvua inyeshapo. Na Rungwe mvua si haba: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mji wa Iringa haufiki nusu ya hapo.

Siku zilizobaki tuliandika joto. Alfajiri kipimajoto kilionyesha nyuzi 13 chumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 juu ya nyumba na afya, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiasi salama cha joto la ndani majira ya baridi, katika nchi zenye hali ya wastani au baridi. Tulikuwa mbali na kiasi hicho.

Ndipo tukaanza kutengeneza, tukitanguliza yale yasiyo na gharama. Tuliyatoa magunia. Tulianza kufungua madirisha robo saa kila asubuhi na baada ya kupika, tukafunika sufuria, tukaanika nguo barazani, tukasogeza vitanda na kabati kiasi cha shubiri moja kutoka ukutani. Kisha tukaondoa udongo uliolundikana, tukachimba mtaro kuizunguka nyumba, tukatia mifereji ukingoni mwa paa ipeleke maji katika pipa. Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata tulipigilia dari ya mbao, tukaacha matundu yenye wavu katika pembe za paa ili hewa ya juu ya dari ipate kutoka. Jiko la mkaa halikuingia tena chumbani hata siku moja. Kwa usiku mkali twatumia blanketi ya ziada, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vema na kuviringishwa kitambaa.

Je, nyumba ilipona? Haikuwa na joto kama la Kyela, lakini ilikauka. Na nyumba kavu ya nyuzi 16 ni afadhali kuliko nyumba mbichi ya nyuzi 18, maana blanketi kavu huulinda mwili, bali blanketi mbichi huunyonya joto. Kikohozi cha mtoto kilipungua. Vitabu havikuota ukungu tena.

Tangu siku hizo tumetembelea nyumba nyingi katika kazi yetu, na watu wakilalamika twawauliza kwanza: wapi, lini, na baada ya nini? Nanyi sikieni jinsi majibu yanavyopishana.

Katika mji wa Iringa tulimtembelea mwalimu mwenzetu aliyesikia habari zetu, akaongeza matundu ya hewa nyumbani mwake. Akazidi kuteseka! Tulipochunguza hatukuona doa wala tone. Hewa ya huko miezi ya kiangazi ni kavu, lakini upepo ni mkali. Tuliwasha mshumaa karibu na mlango, mwali wake ukalala kana kwamba umepulizwa. Mlango ulikuwa na nafasi chini ya kupitisha vidole vitatu. Dawa yake ilikuwa ubao chini ya mlango, mapazia mazito na dari. Kuziba, jambo lililotuponza sisi, ndilo lililomfaa yeye, maadamu matundu ya juu yalibaki na moto wa mkaa haukuingia.

Huko Mufindi, penye mashamba ya chai na ukungu mzito, mama mmoja mjane alituambia, "Mwalimu, ukuta wangu umerogwa." Ukungu uliota nyuma ya kabati peke yake, wala si penginepo. Tuliisogeza kabati, tukamwonyesha ya kuwa hewa haikuwa ikipita pale, na ukuta ule wa nje ulikuwa baridi kuliko kuta zote. Uchawi ulikwisha siku hiyo hiyo.

Na ukishuka kutoka Tukuyu hata Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, unashuka karibu mita 1,000, na malalamiko yanageuka. Huko hawasemi baridi, wasema joto. Lakini nalo huchunguzwa vivyo hivyo. Tulikaa adhuhuri katika nyumba ya ndugu mmoja, tukainua kiganja kuelekea bati lisilo na dari. Joto lilikishukia kama la tanuri, ijapokuwa hewa ya chini haikuwa na moto huo. Asili ilikuwa paa. Zaidi ya hayo, madirisha yote yalikuwa upande mmoja, nayo yalifungwa kwa hofu ya mbu. Mwenye nyumba alikuwa akimwaga maji sakafuni kupoza chumba. Desturi hiyo hufaa katika nchi kavu kama Dodoma, ambako maji hukauka upesi yakichukua joto. Kyela hewa imekwisha kushiba maji, basi jasho la mtu halikauki, na kumwaga maji ni kuongeza taabu. Tulimshauri atie wavu wa mbu ili madirisha yafunguliwe, atoboe dirisha upande wa pili upepo upate kupita, aweke dari na matundu katika pembe za paa, na apande miti upande wa jua la magharibi. Tena tulimwambia ya kuwa panka haipozi chumba, humpoza mtu kwa kukausha jasho lake. Asiyekuwamo chumbani haimsaidii, basi na izimwe.

Ndugu zetu mnaojenga sasa, ninyi mna bahati kuliko sisi. Inueni msingi juu ya ardhi, mwagizeni fundi atandaze nailoni juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta, acheni paa litokeze vya kutosha nje ya kuta, wala msikubali kuyaacha matundu ya hewa. Nanyi mlio katika nyumba zilizokwisha kujengwa, kumbukeni ile methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini tazameni kwanza kama ni ufa, au ni pua ya nyumba.

Walimu, twawaomba jambo moja zaidi. Kila mwaka kabla ya Juni, wafundisheni watoto habari ya jiko la mkaa chumbani. Mtoto aliyefundishwa vema atamwambia baba yake, "Baba, tusiliingize," na neno lake laweza kuokoa nyumba nzima. Sisi hatukuwa na mtoto wa kutuambia hivyo. Tulikuwa na jirani aliyesikia kishindo cha mlango, naye angekuwa amelala fofofo usiku ule, habari hizi zisingeandikwa.